Birbal Sahni: Mtaalamu aliyesoma misitu iliyogeuka mawe

Ukiingia supamaketi yoyote kubwa ya Nairobi au Mombasa siku hizi, hutakosa kuiona ile chumvi ya rangi ya waridi. Bei yake ni mara kadhaa ya chumvi ya kawaida, na kibandiko kinakuambia imetoka Himalaya. Huenda hata nyumbani kwenu ipo, imewekwa mezani wageni waione.

Ukweli ni kwamba chumvi hiyo haichimbwi kwenye vilele vya theluji. Nyingi hutoka mgodi wa Khewra, katika vilima vya Salt Range, jimbo la Punjab nchini Pakistan. Na sasa swali: hiyo chumvi ina umri gani?

Usicheke. Miaka ya 1940 swali hilo liliwagawanya wataalamu wa miamba wa bara Hindi kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Upande mmoja ulisema chumvi hiyo ni ya kale mno, zaidi ya miaka milioni 500. Upande wa pili ulisema ni changa, labda miaka milioni 50 hivi. Kiongozi wa upande wa pili alikuwa profesa aliyeheshimika kuliko karibu wote waliokuwa ukumbini. Jina lake Birbal Sahni. Alikuwa na ushahidi mkononi, tena ushahidi unaoonekana kwa macho kupitia hadubini.

Na bado alikosea.

Kabla hujamhukumu, ni vyema umjue. Maana kama si yeye na wenzake wachache, huenda mengi tunayoyajua kuhusu misitu iliyoota duniani kabla ya dinosau kuzaliwa yangebaki yamefungiwa ndani ya mawe.

MTOTO WA MWALIMU

Birbal alizaliwa Novemba 14, 1891 katika mji wa Bhera, Punjab, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Bhera haiko mbali na hivyo vilima vya chumvi. Kwa hivyo mambo ya mawe yalikuwa jirani yake tangu utotoni.

Baba yake, Ruchi Ram Sahni, alikuwa mwalimu wa kemia katika Government College mjini Lahore. Huyu mzee hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alipigania mageuzi ya kijamii, alitembeza sayansi kwa wananchi wa kawaida kwa mihadhara, na akiwa mtu mzima kabisa, mwenye watoto wakubwa, alifunga safari hadi Manchester kufanya utafiti wa unururifu chini ya Ernest Rutherford. Likizo zikifika, aliwachukua wanawe kwenda kupanda milima ya Himalaya kwa miguu. Huko ndiko Birbal alikoanza kuokota mimea, mawe na chochote kilichomvutia macho.

Mwaka 1911 alihitimu Lahore, kisha akaenda Uingereza, chuo cha Emmanuel katika Cambridge. Hapa ndipo utakapojiona wewe. Baba alikuwa amemtakia mwanawe kazi ya utumishi wa serikali ya kikoloni, ile kazi ya mshahara mnono na heshima ambayo kila mzazi wa tabaka lao aliiota. Kijana naye alitaka mimea. Si hata mimea hai tu. Alitaka mimea iliyokufa zamani. Jaribu kuwaambia wazazi wako leo kwamba umeacha nafasi ya kuwa afisa wa serikali ili ukachunguze majani yaliyogeuka mawe, uone mtakavyoelewana. Birbal hakumkaidi babake kwa ukali, lakini alimweleza wazi moyo wake ulipo. Mzee alikubali.

SOMO LA CHAVUA

Cambridge alipata mwalimu aliyebadilisha maisha yake, Profesa Albert Charles Seward, mmoja wa wakuu wa taaluma ya mimea ya kale ulimwenguni. Kijana alihitimu mwaka 1914 na akabaki kufanya utafiti.

Mwaka 1915 alichapisha makala moja fupi ambayo naomba uikumbuke vizuri, kwa sababu tutairudia. Alikuwa akichunguza mti uitwao Ginkgo, mti wa kale sana ambao bado unaishi. Ndani ya vile vichumba vidogo ambamo mbegu hutungwa, alikuta chavua isiyokuwa ya Ginkgo. Ilikuwa imepeperushwa na upepo kutoka kwa mimea mingine, ikaingia humo kama mgeni asiyealikwa.

Kwa wengi hilo lingekuwa jambo la kupuuza. Sahni aliona hatari. Alijiuliza: je, kama mbegu hiyo ingegeuka kisukuku, na mtaalamu aikute miaka milioni kadhaa baadaye ikiwa na chavua ndani? Si angesema mara moja kwamba chavua na mbegu ni vya mti mmoja? Naye angekuwa amedanganyika. Onyo la kijana huyo wa miaka 23 lilikuwa rahisi: kitu kukutwa ndani ya kingine si thibitisho kwamba vilizaliwa pamoja.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya udaktari wa sayansi. Mwaka uliofuata, yeye na Seward walitoa kitabu kilichopitia upya mimea ya kale ya Gondwana ya India. Na hapa lazima tusimame kidogo, maana Gondwana inakuhusu hata wewe unayesoma haya ukiwa Kenya.

LUGHA YA MAJANI

Wataalamu wa miamba huyagawa maisha ya dunia katika enzi. Enzi ya Paleozoiki ilianza takriban miaka milioni 539 iliyopita na ikaisha miaka milioni 252 iliyopita. Mwanzoni mwake hakukuwa na mti wala jani la maana nchi kavu. Uhai wote mkubwa ulikuwa baharini. Kufikia mwisho wake, kipindi kinachoitwa Permiani, nchi kavu ilikuwa imejaa misitu.

Katika bara Hindi, msitu huo ulitawaliwa na mti mmoja: Glossopteris. Jina lake limetokana na Kigiriki kwa sababu jani lake lina umbo la ulimi. Lina mshipa mmoja katikati na vijishipa vingi vilivyosukwa kama wavu. Mtaalamu Mfaransa Adolphe Brongniart ndiye aliyelipa jina mwaka 1828. Majani hayo yalianguka kwa mamilioni katika vinamasi, yakarundikana, yakafunikwa na mchanga na matope, yakagandamizwa hadi yakawa makaa ya mawe. Makaa ya Raniganj na Jharia, katika bonde la mto Damodar mashariki mwa India, ni msitu huo. Treni na viwanda vya India viliendeshwa kwa miaka mingi na majani ya Glossopteris.

Chini ya tabaka hizo za makaa kuna kitu cha ajabu zaidi: mawe makubwa kwa madogo yaliyochanganyika ovyo, mengine yakiwa na michirizi. Hayo ni mabaki yaliyoachwa na barafu. Ndiyo, barafu India! Kabla ya msitu wa Glossopteris kushamiri, sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa imefunikwa na barafu nene.

Jina Gondwana lenyewe limetokana na nchi ya Wagondi, watu wa India ya kati, ambako miamba hii ilichunguzwa kwanza. Baadaye mtaalamu wa Austria, Eduard Suess, akalitumia jina hilo kwa bara zima la kale. Alifanya hivyo kwa sababu jani lile lile la umbo la ulimi lilikuwa likiokotwa Afrika, Amerika Kusini na Australia.

Halafu ikaja habari ya Antaktika. Mwaka 1912 nahodha Robert Falcon Scott na wenzake walikufa kwa baridi na njaa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Walipopatikana miezi kadhaa baadaye, kando yao kulikuwa na takriban kilo 16 za mawe. Watu waliokuwa wanakufa walikataa kutupa mzigo huo. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na majani ya Glossopteris. Unajua nani alipewa kazi ya kuyachunguza? Seward, mwalimu wa Sahni, aliyetoa ripoti yake mwaka 1914. Kijana wetu alikuwa papo hapo Cambridge.

Na Kenya je? Ukipanda SGR au basi kwenda Mombasa, ukishapita Voi unaanza kukanyaga miamba ya familia hiyo. Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras: hayo si majina ya vituo tu, ni majina ya tabaka za miamba. Zile za Taru ndizo za chini, za mwisho mwisho wa Paleozoiki. Mazeras ziko juu yake na ni changa zaidi. Yale mawe ya Mazeras yanayotandazwa kwenye nyua za watu mitaani hutoka ukanda huo huo. Kwa jirani zetu Tanzania, makaa ya mawe ya mabonde ya Ruhuhu na Songwe-Kiwira yana umri mmoja na ya Damodar, na Glossopteris ipo humo. Wakati huo Mhindi na Mwafrika wasingehitaji meli wala ndege kutembeleana. Ingekuwa ni kutembea tu.

MWALIMU WA LUCKNOW

Sahni alirudi nyumbani mwaka 1919. Alifundisha Banaras, kisha Lahore kwa muda mfupi. Mwaka 1920 alimwoa Savitri Suri, mwanamke ambaye usimchukulie kama jina la kupita tu kwenye stori hii. Subiri, utaona.

Mwaka 1921 alikwenda kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya botania katika Chuo Kikuu cha Lucknow, chuo kilichokuwa kichanga kabisa. Angeweza kukaa Ulaya. Alikuwa na jina, alikuwa na marafiki wakubwa. Lakini alikuwa mtu wa kizazi kilichotaka India ijitegemee, na aliamini haina maana visukuku vya India kusafirishwa London vikasomwe huko halafu Wahindi wenyewe wasomewe majibu. Yeye mwenyewe alivaa khadi, kile kitambaa cha kusokotwa kwa mkono kilichokuwa alama ya kupinga ukoloni.

Kazi yake ilihitaji subira isiyo ya kawaida. Ukiwa na kipande cha mti uliogeuka jiwe, huwezi kukitazama hivi hivi. Unakikata kwa msumeno maalumu, unakibandika kwenye kioo, halafu unakisugua na kukisugua mpaka kinakuwa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ukikosea kidogo, kisukuku cha mamilioni ya miaka kimekuwa vumbi. Ukifaulu, unaona seli moja moja, kana kwamba mti ulikatwa jana. Mwaka 1923 alieleza muundo wa ngozi ya nje ya jani la Glossopteris, kitu chembamba kuliko nailoni, kilichodumu robo ya bilioni ya miaka.

Kutoka vilima vya Rajmahal, mashariki mwa India, alikusanya vipande vilivyotawanyika vya mmea mmoja wa kale na mwaka 1932 akauunganisha upya kama mtu anayepanga chemshabongo: shina, majani, maua. Aliuita Williamsonia sewardiana, kumuenzi mwalimu wake. Huo ulikuwa mmea wa enzi iliyofuata Paleozoiki, enzi ya dinosau. Kutoka vilima hivyo hivyo, mwaka 1948, alitangaza kundi jipya kabisa la mimea lililotoweka, Pentoxyleae.

Hata matembezi yake hayakuwa ya bure. Mwaka 1936, huko Khokra Kot karibu na Rohtak, aliona vipande vya udongo uliochomwa vikiwa vimezagaa chini. Mwingine angevipita. Yeye aliinama, akavitazama, akagundua ni kalibu za kutengenezea sarafu za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aliandika kuhusu ufundi huo wa kale hadi chama cha wataalamu wa sarafu cha India kikamtunuku medali. Mtu wa mimea!

Mwaka huo huo wa 1936 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo Wahindi wachache sana walikuwa wameipata.

ALIPOONA MABARA YAKITEMBEA

Leo ukiambiwa kwamba mabara yanasogea, hushangai, ulifundishwa shuleni. Lakini mwaka 1936 wazo hilo, lililotolewa na Mjerumani Alfred Wegener, lilichekwa na wataalamu wengi wakubwa.

Sahni hakucheka. Alitazama ushahidi wa mimea. Katika Permiani, India ilikuwa na Glossopteris, mmea wa nchi zilizokuwa zimetoka kwenye barafu. Upande wa China na Sumatra kulikuwa na misitu ya aina nyingine, ya Gigantopteris, iliyopenda joto. Leo misitu hiyo miwili, katika mawe, inakaribiana. Inakuwaje mimea ya baridi na mimea ya joto ikae jirani bila hata kuchanganyika? Jibu lake lilikuwa kwamba haikuwa jirani. Ilitenganishwa na bahari pana, na ardhi zenyewe ndizo zilizokuja kukutana baadaye. Wataalamu wa miamba duniani walikuja kukubali kwa jumla kwamba mabara husogea kwenye miaka ya 1960. Sahni hakuwepo kuona.

Mimea ilimsaidia pia mahali pengine. Magharibi na katikati ya India kuna miamba mipana ya lava inayoitwa Deccan. Kati ya tabaka za lava kuna udongo wenye visukuku vya minazi na mimea mingine ya maua. Kwa kuvichunguza, Sahni alidai kwamba lava hizo ni changa kuliko wengi walivyodhani, za mwanzo wa enzi yetu hii iliyofuata dinosau. Vipimo vya kisasa vinaziweka takriban miaka milioni 66 iliyopita, pale pale kwenye mpaka wa enzi hizo mbili. Hakuwa mbali.

Unaona basi kwa nini alikuwa na imani kubwa na mbinu yake. Ulize mmea, mmea utakuambia umri wa jiwe. Ilikuwa imefanya kazi. Akaipeleka kwenye chumvi.

VITA VYA CHUMVI

Sasa turudi Khewra. Katika vilima hivyo, chumvi iko chini kabisa. Juu yake kuna mawe ya mchanga ya rangi ya zambarau. Juu ya hayo kuna tabaka zenye trilobaiti, wale wadudu wa baharini wenye magamba wa kipindi cha Kambriani, mwanzoni mwa Paleozoiki. Kisha kuna pengo kubwa la zaidi ya miaka milioni 200 ambalo halikuacha kitu, halafu yanakuja mawe ya barafu ya Permiani, na juu yake chokaa lililojaa makombe ya baharini. Ni kama kitabu chenye kurasa nyingi zilizochanwa katikati.

Kanuni ya kawaida husema: kilicho chini ndicho cha kwanza. Kwa hivyo chumvi ni ya kale kuliko trilobaiti. Kwisha maneno? Hapana. Chumvi ni kitu laini. Ikigandamizwa hutambaa kama unga wa chapati, na miamba iliyo juu inaweza kuteleza. Tena, upande wa Kohat, kaskazini magharibi, kuna chumvi nyingine ambayo ni changa kweli, ya kipindi cha Eosini. Hivyo baadhi ya wataalamu walisema: hata hii ya Salt Range ni ya Eosini, ila miamba ya kale ilisukumwa ikaipanda juu.

Sahni alichukua sampuli za chumvi na udongo wake. Alijihadhari zisichafuliwe, akaziyeyusha, akatazama mabaki kwenye hadubini. Aliona vipande vidogo vya mbao. Aliona chembe za mimea ya maua. Aliona vipande vya miili ya wadudu. Fikiria mwenyewe: kipindi cha Kambriani hakukuwa na mti hata mmoja duniani, sembuse ua. Kama chumvi ina mbao ndani yake, itakuwaje ya Kambriani?

Mikutano miwili iliitishwa, mwaka 1944 na 1945, kujadili jambo hilo moja tu. Sahni alishikilia lake. Upande wa pili walikuwepo watu wa nyikani, waliotembea vilima hivyo kwa miaka. Mmoja wao, E. R. Gee wa idara ya serikali ya utafiti wa miamba, awali alikuwa ameegemea upande wa Eosini. Alipozidi kuchora ramani na kukagua jinsi chumvi inavyogusana na mawe ya zambarau, aligeuza msimamo. Aliona chumvi ikiingia kwenye tabaka za juu taratibu, bila dalili ya mpasuko mahali hapo. Kwake hiyo ilikuwa chumvi ya Kambriani, mahali pake pa asili.

Visima vya mafuta vilivyochimbwa baadaye kwenye nyanda za Punjab vilikuta chumvi chini ya miamba ya Kambriani hata mahali ambapo hakuna kilichoteleza. Kesi ikafungwa. Chumvi ya Khewra ni ya zaidi ya miaka milioni 500, ya mwanzo kabisa wa Paleozoiki au kabla kidogo. Kuteleza kulikuwepo, lakini kinyume na walivyodhani: chumvi ndiyo iliyokuwa grisi, na miamba yote ya juu yake iliteleza ikiwa imeibeba chini.

Na vile vipande vya mbao na wadudu? Vilikuwa wageni. Chumvi huyeyuka na kuganda tena. Maji yanayopenya yanaweza kuingiza takataka za juzi hadi ndani ya jiwe la juzi ya juzi.

Unaikumbuka ile makala ya chavua ya 1915? Kijana wa miaka 23 alikuwa ameuonya ulimwengu kuhusu mgeni asiyealikwa. Profesa wa miaka 50 na ushee, mwenye medali na vyeo, alikutana na mgeni yule yule na akamdhania mwenyeji.

Wapo watakaosema hilo lilimshusha. Mimi naona vingine. Aliweka ushahidi wake mezani, wazi, mbele ya watu waliompinga, katika mikutano iliyochapishwa ili kila mtu asome. Hakutumia cheo chake kumfunga mtu mdomo. Kwa sababu hoja zilikuwa wazi, waliokuja baada yake waliweza kuona mahali pa kusahihisha. Kosa la namna hiyo linawafaa watu kuliko ukweli uliofichwa kabatini.

JIWE LA MSINGI

Mwaka 1947 India iligawanywa. Bhera alikozaliwa, Lahore alikosoma, na vilima vya chumvi alivyovibishania, vyote vikawa nchi nyingine. Mpaka ulichorwa juu ya miamba isiyojua mipaka.

Wakati huo alikuwa na ndoto moja iliyombakia: taasisi ya kuchunguza mimea ya kale peke yake. Mwaka 1946 alikuwa ameunda chama cha taaluma hiyo na taasisi ikaanzishwa Lucknow. Yeye na Savitri walitoa mali yao, vitabu vyao na visukuku walivyokusanya maisha yote. Savitri alikuwa amefuatana naye katika safari nyingi za utafiti. Mawe hayo yalikuwa yake pia.

Aprili 3, 1949, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alifika Lucknow kuweka jiwe la msingi la jengo. Hilo jiwe halikuwa jiwe la kawaida. Sahni alilitengeneza kwa kupachika ndani yake visukuku vya sehemu na nyakati mbalimbali. Ilikuwa siku yake kubwa.

Wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia Aprili 10, alipatwa na mshtuko wa moyo akafa. Alikuwa na miaka 57. Alikuwa tayari amechaguliwa rais wa heshima wa kongamano la kimataifa la botania la Stockholm la mwaka 1950. Kiti kilibaki tupu.

Hapa ndipo Savitri anaposimama. Jengo lilikuwa bado ni jiwe moja na ramani. Hakuwa profesa. Angeweza kulia, akaifunga nyumba, akawaachia serikali. Badala yake aliichukua kazi. Alihangaika na fedha, na wajenzi, na wataalamu, na ofisi za serikali. Januari 1953 Nehru alirudi Lucknow, safari hii kufungua jengo lililokamilika. Mama huyo aliendelea kuilea taasisi kwa miaka mingi, na mwaka 1969 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Leo taasisi hiyo ina jina la mumewe, na bado inachunguza mimea, barafu, hali ya hewa ya kale na mengine.

WEWE JE?

Huenda unasoma haya ukiwa Kayole, Nyali au Kisumu, ukijiuliza mawe ya India yanakuhusu nini. Yanakuhusu hivi. Ukanda wa Taru hadi Mazeras una stori yake ya Gondwana, na vijana wa Kenya waliosoma kurasa zake ni wachache mno. Mbao zilizogeuka mawe zipo huko. Visukuku vya samaki vimepatikana Maji ya Chumvi. Kuna kozi za jiolojia katika vyuo vyetu, na jumba la makumbusho la taifa la Nairobi lina milango ambayo wengi wetu huipita tukienda Parklands bila kuingia.

Na kama mawe si mambo yako, chukua basi lile la chavua. Kila siku simu yako inaletewa picha, video na taarifa zilizopachikwa mahali zisipozaliwa: picha ya nchi nyingine ikiitwa ya mtaa wako, maneno ya mwaka juzi yakiitwa ya leo asubuhi. Kukutwa mahali si kuzaliwa mahali. Sahni alilijua hilo kuliko wengi, na bado siku moja lilimpita. Ndiyo maana unahitaji rafiki kama Gee, anayekubali kugeuza wazo lake akiona vingine, na anayethubutu kukuambia mbele ya watu kwamba, profesa, hapa tuangalie tena.